Gongo la Mzee Arvid

Wewe mama ambaye mwanao anafanya kazi kwenye nyumba za watu huku Minnesota, kabla hujakitia maji kitu alichokuja nacho nyumbani, muulize kwanza. Muulize hata kama uchafu wenyewe unauona kwa macho. Muulize hata kama birika limekwisha chemka. Mimi sikuuliza. Kina mama wenzangu wa hapa Richfield jambo hili wamelipata nusu, na nusu waliyoipata ni kwamba binti ya Kibibi alimwibia mgonjwa. Kibibi ni mimi. Binti yangu hakuiba, na nusu iliyobaki ninayo mimi.

Shule niliishia darasa la saba, Mombasa. Lakini haya niliyatenda kwa mikono yangu, kwa hiyo nayajua yote.

Mwanangu anaitwa Nasreen. Mwaka huo wa tisini na saba alikuwa na miaka ishirini na moja, na amebakisha mwaka mmoja tu amalize masomo ya uuguzi. Siku ambazo hana darasa alikuwa akifanya kazi na kampuni moja inayopeleka wasaidizi majumbani kwa wagonjwa, kuwaogesha, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwapashia supu. Wakampeleka Apple Valley kwa mzee mmoja wa miaka themanini na tatu, jina lake Arvid. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imemvimba. Mke alikwisha kufa. Alikuwa na binti, Susan, anayekaa Burnsville, si mbali kwa gari, lakini alikuwa haji sana. Aliyekuwa naye siku zote ni mbwa, mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, anaitwa Lucky.

Na alikuwa na magongo. Magongo ya mbao ya kuchezea besiboli, ule mchezo wao wa kupiga mpira na kukimbia kuzunguka. Si mapya ya dukani. Ya zamani, mengine yalichezewa kabla sijazaliwa. Yalikuwa arobaini na moja, yamesimama ukutani kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ujanani huyo mzee aliwahi kuwa mtunza vifaa kwenye uwanja wa Minneapolis uliovunjwa zamani, na tangu hapo hakuacha kuyakusanya. Akiyanunua kwenye minada na kwenye maghala ya watu waliokufa.

Nasreen alikwenda kumwogesha akarudi na elimu. Mimi nikikaanga bajia, yeye amekaa juu ya kabati la jikoni ananihadithia. Kwamba gongo la zamani unalijua kwa unene wa mpini, maana siku hizi mipini ni myembamba. Kwamba kile kifundo cha mwisho wa mpini kila mchezaji alikitaka kwa umbo lake, kwa hiyo ukikipima unaweza kujua lilichongwa kwa ajili ya nani. Kwamba kiwanda kilichoma chapa kwenye mti, na chapa ikibadilishwa kila baada ya miaka, kwa hiyo chapa inakupa umri. Na kwamba gongo likivunjika au likichoka, mchezaji alilirudisha kiwandani achongewe jingine kama hilo, na wale wa kiwandani wakaandika kwa penseli palepale ubavuni jina lake na tarehe. Hayo maandishi ya penseli ndiyo watu wanayoyatafuta. Gongo lenye maandishi hayo linajulikana lilikotoka. Lisilo nayo ni ukuni tu uliochongwa vizuri.

"Na mzee anasema haliguswi na maji," Nasreen akaniambia. "Hata doa la lami, hata mate ya tumbaku. Uchafu wake ndio pasipoti yake."

Nilicheka. Nikamwambia hawa watu kweli wana nafasi, nyumba nzima inasuguliwa mpaka choo kinanukia maua, halafu ukutani wameweka uchafu wa mwaka thelathini na nane. Maneno yale niliyasikia. Nataka ijulikane kwamba niliyasikia.

Mzee alimpenda Nasreen kama mjukuu. Jina lake alijifunza kulitamka, na kuliandika, jambo ambalo hata kwenye ile kampuni hawakuliweza. Kwenye cheki zao alikuwa Nazrin, mara Nasrine. Akawa anamchezesha. Anamfunga kitambaa machoni, anampa gongo alishikeshike na kusema ni la mwaka gani. Akikosea anamcheka mpaka anakohoa. Mume wangu Aboud, ambaye huendesha teksi ya uwanja wa ndege na hana dogo, akaanza utani wake. "Mama Nasreen, jiandae. Binti yako ameposwa Apple Valley, na mahari ni kijiti."

Mwezi wa pili hali ya mzee ikawa mbaya. Akamwambia Nasreen anataka kumpa gongo moja, lile la kwanza kabisa, aliloachiwa na mchezaji mwenyewe pale uwanjani. Nasreen akakataa. Kampuni ilikuwa imewakataza kupokea kitu kwa mgonjwa bila kuwaarifu. Akaja kuniuliza mimi.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na watu hawalijui kwa sababu wanalihangaikia lile la pili. Nilimwambia apokee. Nilimwambia kwetu mgonjwa akikunyooshea mkono na kitu, hukirudishi, maana ukikirudisha ni kama umemwambia kwamba wewe umekwisha mhesabu maiti na unaogopa kuulizwa. Nikamwambia, "Utamvunja moyo mzee wa watu kwa ajili ya sheria ya ofisi? Pokea, halafu Jumatatu uwapigie uwaambie." Akaniangalia, akasema sawa. Mtoto wangu alikuwa akinisikiliza.

Ijumaa akaja nalo, amelizungushia gazeti. Alikuwa na haraka, maana kampuni ilimpangia kulala mpaka Jumatatu kwa bibi mmoja Saint Paul. Alikuwa na furaha iliyomjaa usoni. Akasimulia huku akitupa nguo zake kwenye begi kwamba mzee hakuweza kushuka ngazi, kwa hiyo alimtuma Lucky. Mbwa akashuka, akalitoa gongo lile lile aliloambiwa, akapanda nalo mdomoni mpaka kitandani. "Ungemwona, Mama. Kama mtu."

Nikaliangalia gazeti. Upande wa mpini lilikuwa limelowa.

"Liache hapo hapo," akasema. "Kuna kitu nitakuonyesha nikirudi." Akanibusu mkono akatoka, gari lilikuwa linamsubiri.

Na hapo hapo ni wapi? Ni juu ya kitanda chake, na juu ya kitanda kulikuwa na miswala yetu miwili imekunjwa.

Wenzangu wa pwani mnanielewa. Ambao hamnielewi, nawaelezeni. Sisi tumelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito. Kitu kilichoguswa nayo kinaoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo saba ni kwa udongo. Hivyo ndivyo nilivyoona kwa mama yangu, na mama yangu kwa mama yake. Nyumba ile nilikuwa nimeiweka safi tangu siku tulipoingia, na sasa mate ya mbwa yako juu ya mswala siku ya Ijumaa. Sikuona penseli wala mzee. Niliona mate.

Miswala niliifua. Gongo nikalipeleka bafuni.

Maji ya kwanza nikalimwagia. Sasa udongo. Mwezi wa pili hapa udongo uko wapi? Theluji imefika magotini na chini yake ardhi ni jiwe. Nikavaa koti, nikachukua birika la maji ya moto na kisu cha jikoni, nikaenda nyuma ya jengo, chini ya upenu ambapo theluji haifiki. Nikamwaga maji ya moto, nikakwangua, nikamwaga tena. Jirani mmoja alinitazama dirishani. Nilipata bakuli moja la udongo, na udongo wenyewe una mchanga mwingi, wenye kokoto ndogo ndogo, kama ule wanaoutupa barabarani watu wasiteleze.

Nikalisugua. Nililisugua mpini, na kwa kuwa sikujua mate yamefika wapi, nikalisugua lote, mpaka ubavuni. Palikuwa na michoro ya kijivu pale, mistari miwili ya zamani iliyofifia na mmoja mpya chini yake. Mimi Kiingereza cha kuandikwa kwa mkono sikisomi. Niliona weusi, nikaona kitambaa kinaingia weusi, nikaongeza udongo. Halafu maji mara tano. Likatoka jeupe kama mwiko mpya. Nikaliweka karibu na hita likauke, na jioni nikalipaka mafuta ya nazi ili lisipasuke, nikalifunga kwenye leso yangu nzuri ya kujitanda na kuliweka kabatini. Nilijiona nimemfanyia mwanangu jambo la heshima.

Jumapili mzee Arvid akafa.

Nasreen alipigiwa simu kule Saint Paul. Jumatatu alirudi amevimba macho, akalala. Kampuni hakuipigia. Kabatini hakufungua. Aliona leso, akajua nimemhifadhia, akaniambia asante Mama, hata mkono hakuupeleka.

Susan alipokuja kufungua nyumba ya baba yake alikwenda chini akahesabu. Arobaini. Lililokosekana lilikuwa ndilo la thamani kuliko yote, na kwa hesabu yake mtu wa mwisho kushuka ngazi zile alikuwa mwanangu. Akapiga simu kampuni. Kampuni ikasema haina habari ya zawadi yoyote.

Jumatano saa kumi za alasiri askari wawili walibisha mlango wetu. Walikuwa na adabu, viatu vyao walivipangusa. Mimi nilirudi nyuma mpaka Aboud akanishika bega, lakini Nasreen hakurudi hata hatua moja. Akawakaribisha wakae. Akawaambia ni kweli gongo analo, alipewa, na mzee mwenyewe ameliandika kwa mkono wake, kwa penseli, chini ya yale maandishi ya kiwanda: limetoka kwa Arvid linakwenda kwa Nasreen, na tarehe, na sahihi yake. Ndicho kile kitu alichotaka kunionyesha. Mzee hakuandika kwenye karatasi kwa sababu, alisema, karatasi hupotea, na gongo hubeba habari zake lenyewe.

Akaingia chumbani akatoka na leso yangu. Akaifungua mezani mbele yao.

Sebule nzima ikanuka nazi.

Aliligeuza. Akaligeuza tena. Akalipeleka dirishani. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama. Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani?"

"Hapa. Aliandika hapa."

Nikamwambia mbwa alilitia mdomoni. Nikamwambia nimelitwahirisha, mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa.

Yule askari mkubwa akauliza nimesema nini. Nilimwona Nasreen akitafuta pa kuanzia. Vipi utamweleza mtu mwenye bunduki kiunoni, ambaye labda ana mbwa wawili kwake wanaolala naye, kwamba mama yako alikwangua barafu kwa kisu apate udongo? Alimweleza, nadhani alimweleza vizuri, maana Nasreen ana akili. Askari alikuwa akiandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno aliyoambiwa.

Wakanihoji na mimi wiki iliyofuata, kwa mkalimani, kijana mmoja wa bara anayeitwa Elkanah. Aliniheshimu, aliniita mama. Nilieleza yote. Baadaye Nasreen alinisomea walichokiandika. Kwamba mama wa mshukiwa amekiri kuliosha gongo kwa mchanga na kwa nguvu, mpaka alama zote zikatoka, siku ile ile lilipoletwa nyumbani, na kisha akalificha kabatini ndani ya nguo. Kila neno ni langu. Hakuna hata moja walilolizua. Lakini ukiyasoma yalivyopangwa pale, ni mama mwizi anayefuta alama za wizi wa mwanawe.

Walimpa Nasreen wakili wa kumtetea, anayelipwa na serikali, Alice, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Yeye alimwamini. Akasema tumaini ni moja tu, penseli ikikandamizwa kwenye mti huacha mfereji, hata kama weusi wake umetoka. Akamtafuta mtu anayejua magongo, mzee kama Arvid, mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni. Tukakutana naye ofisini kwa Alice. Gongo lilikuwa mezani na kikaratasi cha polisi kimefungwa kwenye kifundo.

Yule mtu alilishika kama daktari anavyoshika mguu uliovunjika. Alilipima urefu, akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye kifundo. Akataja kiwanda. Akataja mwaka, thelathini na nane. Chapa ilikuwa imechomwa kwa kina, mchanga wangu haukuimaliza. Nasreen akawa anatikisa kichwa kukubali kila alichotaja, midomo yake inasema pamoja naye, na kwa muda ule alikuwa na uso wa wakati ule wa jikoni.

Kisha akaomba taa zizimwe na mapazia yafungwe. Akawasha tochi, akailaza sambamba na mti, ili mwanga upite juu juu na kila bonde litoe kivuli. Akainama na kioo chake. Aboud alikuwa anasoma dua, namsikia pumzi. Yule mtu akasogeza tochi, akasogeza, akarudi nyuma.

Akazima tochi. Akasema maneno machache, na Alice akaketi.

"Anasemaje?" nikauliza.

Nasreen akanitafsiria, sauti imenyooka. "Anasema ni mikwaruzo tu. Anasema kama ingekuwa maji na sabuni peke yake, tungeyaona."

Udongo ndio uliomaliza. Ile mara moja ya saba.

Aboud alikwenda kumuuliza mwalimu wa msikiti, nami nilitamani asiende. Mwalimu alisema gongo si chombo cha kulia wala si kitu cha kuswalia. Lingeweza kukaa kabatini na najisi yake miaka kumi, na mimi nisiwe na dhambi. Miswala ndiyo iliyotakiwa kuoshwa, basi. Aboud alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, halafu akatoka kwenda kazini.

Alice akasema kesi ikienda mbele ya wale raia kumi na wawili ambao mahakama za huku huwaachia waamue hatia, wataletewa yale maandishi ya askari na mama anayefuta, na Nasreen anaweza kufungwa. Akikubali kosa dogo hafungwi. Nasreen alifikiri siku tatu. Siku ya nne akasimama mbele ya hakimu akasema alichukua. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na nilimsikia mwanangu akikiri kwa sauti safi jambo ambalo hakulifanya, na sikuruhusiwa kusimama.

Hakufungwa. Lakini jina lake liliingia kwenye orodha ya serikali ya watu wasioruhusiwa kumgusa mgonjwa. Chuo kikamwandikia barua, fupi, jina lake limekosewa. Mwuguzi asiyeruhusiwa kumgusa mgonjwa atasomea nini?

Gongo alirudishiwa Susan. Nasikia yule mtu wa tochi alimwambia kwamba sasa halina thamani ya kuuza. Kama analo au amelitupa sijui. Mbwa naye sijui alikokwenda.

Basi nawaambia, kina mama. Mwanao akipewa kitu na mgonjwa, kampuni ijue siku hiyo hiyo, si Jumatatu, na mgonjwa aandike kwenye karatasi mbele ya mtu wa tatu. Usimwambie mwanao mambo ya kwetu kama huyajui ya hapa. Na kitu chake usikiguse. Dini sijaiacha, bado naosha mara saba kinachostahili kuoshwa. Lakini nauliza.

Miezi mingi baadaye nilimuuliza Nasreen aniambie yale maneno yalivyokuwa, hasa, neno kwa neno, nami niyajue. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Anakunja mashuka kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nilidhani hatanijibu.

"Aliandika jina langu sawasawa," akasema. "Herufi zote."

Yuko hapa nyumbani, hajahama. Ananisalimia asubuhi, anakula ninachopika, Aboud asipokuwepo yeye ndiye anayenisindikiza dukani. Ila nguo zake hanipi tena nimfulie. Kila Jumamosi anazibeba kwenye begi, anakwenda kuzifua mwenyewe kwenye mashine za mtaani, na anarudi nazo zimekunjwa.